Feruzi na Hesabu Isiyo na Mbele wala Nyuma

Hapo zamani, katika nchi ya Mirambani, palikuwa na Sultani aitwaye Hatibu bin Shamte, mtu mwema wa moyo, mwepesi wa kucheka, lakini mwenye ugonjwa mmoja: akijifunza jambo jipya, hatulii mpaka aligeuze kuwa sheria. Mwaka aliojifunza kucheza bao, watu wote waliamriwa wacheze bao kabla ya kwenda shambani. Mwaka aliojifunza majina ya nyota, kila mwenye mbuzi aliambiwa ampe mbuzi wake jina la nyota, na nchi ikajaa mbuzi ambao hakuna aliyeweza kuwaita wakaja. Watu walicheka, wakatii, maana mambo hayo hayakumwumiza mtu.

Basi ikawa mwaka mmoja Waziri wake, Badawi, akaanza kumfundisha hesabu. Waziri Badawi alikuwa mtu wa kilemba kikubwa na sauti ya puani, naye alikuwa amekwenda kuisoma hesabu ugenini kwa muda ambao yeye mwenyewe aliuona mrefu. Akatandika mkeka mbele ya Sultani, akapanga kokoto tatu upande huu na kokoto tano upande ule.

"Bwana wangu, tatu ukijumlisha na tano ni ngapi?"

"Nane," akajibu Sultani.

"Na tano ukijumlisha na tatu?"

Sultani akazihesabu upya tangu ya kwanza, kwa sababu hakutaka kudanganywa, akasema, "Nane! Zile zile!"

Waziri akamwaga kokoto nyingine, akazipanga safu nne, kila safu kokoto sita, akamwomba Sultani azunguke upande wa pili wa mkeka atazame tena. Sultani akazunguka, na tazama, kokoto zilikuwa safu sita, kila safu kokoto nne, na jumla yake ishirini na nne, haikupungua wala haikuzidi. Sultani akashika kichwa kwa furaha.

"Kumbe hesabu haina mbele wala nyuma! Uanze na lipi, umalize na lipi, ni mamoja!"

Sasa, somo la siku ya pili lilikuwa la kutoa na kugawanya, na Waziri Badawi alijua kwamba huko mambo yana sura nyingine. Alifungua kinywa aseme. Lakini Sultani alikwisha kumwita mpiga mbiu, na Waziri hakuwa mtu wa kumkatiza Sultani akiwa amefurahi. Basi akafunga kinywa, na kufunga kinywa kule ndiko kulikoleta yote haya. Mbiu ikapigwa sokoni na mashambani: "Katika hesabu zote na kazi zote za Mirambani, la kutangulia na la kufuata ni sawa! Ndivyo alivyosema Sultani!"

Watu wakaisikia, wakaguna, wakaendelea na shughuli zao.

Katika nchi hiyo, kando ya mto, aliishi mtu mmoja aitwaye Feruzi pamoja na mkewe, Bi Tatu. Feruzi alikuwa fukara wa kupigiwa mfano. Kanzu yake ilikuwa na viraka vingi hata haikujulikana tena ni kipi kiraka na ipi kanzu. Watu walimwita mpumbavu, kwa sababu akiambiwa neno hulifuata kama lilivyosemwa. Mtu alipomwambia, "Nishikie mlango, narudi sasa hivi," Feruzi aliushika mlango ule kutwa nzima, na mtu yule aliporudi jioni akamkuta bado ameushika, naye Feruzi akamdai chakula cha mchana. Mali yake yote ilikuwa kishamba kimoja cha mtama na ulimi wake.

Mwaka ule mvua ilikuwa chache. Feruzi na Bi Tatu walivuna makanda ishirini tu ya mtama. Katika hayo, makanda kumi hayakuwa yao kuyala: lilikuwamo fungu la mbegu za mwaka ujao, na fungu la majirani waliowasaidia kulima na kuvuna. Desturi ya Mirambani tangu wazee wa wazee ilikuwa hivi: kwa kila shamba, kubwa au dogo, kwanza yatolewe makanda kumi hayo, yawekwe kando, kisha kilichosalia kigawanywe nusu kwa nusu, nusu ya Sultani na nusu ya mwenye shamba. Kwa hiyo Feruzi alitazamia kupata makanda matano ya kula, na Bi Tatu alikwisha kuyapangia kazi makanda hayo, hili la uji, hili la ugali, na hili la mama yake mzee.

Watoza ushuru wakaja na punda wao. Mkubwa wao akatazama makanda, akasema, "Tutaanza na kugawanya." Akachukua nusu, makanda kumi, akayapakia.

"Ngoja, ndugu yangu," akasema Feruzi. "Kwanza mbegu na haki ya majirani."

"Hayo utayatoa baadaye. Umesikia mbiu. La kutangulia na la kufuata ni sawa, nasi tumeona ni wepesi kuanza na kugawanya, punda wasisimame juani."

Wakaenda zao. Feruzi akatoa mbegu, akatoa haki ya majirani, na alipomaliza kutoa, sakafu ya ghala yake ilikuwa nyeupe, bila punje. Bi Tatu akasimama mlangoni akiitazama sakafu ile.

"Mume wangu," akasema, "mbona mtama haukuibwa, wala haukuliwa na panya, wala haukuungua, nao haupo?"

 Feruzi akaenda kwa majirani, akakuta ni kilio kile kile. Wenye mashamba makubwa, waliovuna makanda mia, hawakuhisi sana, maana wao walipungukiwa makanda matano tu katika arobaini na tano. Lakini kila mwenye makanda ishirini alikuwa amebaki na sakafu. Na ghala za Sultani zilijaa hata milango haikufungika. Sultani alipouliza sababu, Waziri Badawi alisema, "Ni baraka ya elimu, Bwana wangu," na pengine kufikia siku zile alikuwa amekwisha kuliamini neno lake mwenyewe.

Basi Bi Tatu akamwambia mumewe, "Nenda barazani ukaseme."

"Nikaseme nini? Mimi sijui hesabu."

"Njaa unaijua. Kaseme hiyo."

Feruzi akajifunga shuka, akaenda. Akamkuta Sultani ameketi juu ya zulia la thamani, Waziri kuumeni kwake, na baraza limejaa watu. Akapiga goti.

"Ewe Sultani, umri wako uwe mrefu. Mimi ni Feruzi wa kando ya mto. Nilivuna, nikagawana nawe, kisha nikatoa nilichopaswa kutoa, na sasa sina hata punje. Zamani nilitoa kwanza, kisha nikagawana nawe, nikabaki na chakula. Nimekuja kuuliza chakula kimekwenda wapi."

Waziri akacheka kwa pua. "Bwana wangu, mtu huyu analia juu ya mpangilio! Nusu ni ile ile nusu, kumi ni lile lile kumi. Kwani limebadilika nini?"

"Kweli," akasema Sultani. "Nusu haikubadilika wala kumi halikubadilika. Nami nilizihesabu kokoto kwa mkono wangu. Ewe Feruzi, sheria yangu umeisikia?"

"Nimeisikia, Bwana wangu, nami nimeitii."

"Basi vizuri. Wala sikukasirikii. Keti, utulie." Na kwa kuwa mnyweshaji kahawa alikuwa na homa siku hiyo, na Sultani alipenda kuwafanyia wema maskini, akasema, "Hebu inuka, unihudumie. Nimiminie kahawa na uniwekee kikombe."

Feruzi akainuka. Akalishika dele la kahawa kwa mikono miwili kwa adabu kubwa, akalisogeza mbele ya Sultani, akaliinamisha. Kahawa ikamwagika juu ya zulia, ikapenya mpaka kwenye mto wa hariri, moshi ukapanda. Alipokwisha kumimina, akachukua kikombe kitupu, akakiweka taratibu katikati ya lile ziwa jeusi, akarudi nyuma, akainama.

Baraza zima likashikwa na bumbuwazi. Sultani akaruka na kukunja miguu.

"Mpumbavu wee! Umefanya nini?"

"Nimemimina kahawa na kuweka kikombe, Bwana wangu."

"Kikombe kwanza! Mtoto mchanga anajua! Kikombe kwanza, kahawa baadaye!"

"Ewe Sultani," akasema Feruzi kwa sauti ya unyenyekevu, "mimi ni mtu wa shamba. Mbiu iliposema kazi zote, nilidhani ni kazi zote. Kahawa ni ile ile, na kikombe ni kile kile. Kwani limebadilika nini?"

Mtu mmoja nyuma ya baraza akapasuka kicheko, akajifanya anakohoa. Sultani naye midomo ilimcheza, lakini zulia lilikuwa la babu yake, akajizuia. Waziri Badawi akaona mambo yanaharibika, akasema upesi, "Bwana wangu, huu ni ujanja wa mtu mwenye njaa. Kahawa ni maji, na maji hayana nidhamu. Hesabu haimwagiki. Kama anasema sheria yako ina kosa, aonyeshe katika hesabu yenyewe."

Neno hilo likampendeza Sultani, kwa sababu lilimpa mlango wa kutokea. Akasema, "Sikia, Feruzi. Umeniharibia zulia, nami nitakupa njia ya kujikomboa. Utanionyesha katika hesabu yenyewe, ya kugawanya na kutoa, kwamba la kutangulia na la kufuata si sawa. Lakini usitaje tarakimu hata moja kwa kinywa chako, maana wewe utatuchanganya. Wala usiivunje sheria yangu hata kidogo. Tena sitaki kuambiwa. Nataka niijue mwenyewe katika mwili wangu, kama mtu anavyojua kuwa jua ni kali. Ukiweza, omba utakalo. Ukishindwa, utapandishwa punda kinyumenyume, uzungushwe mji mzima, na shamba lako litakuwa langu."

Watu wakatazamana. Kuonyesha hesabu bila kutaja tarakimu, na kuipinga sheria bila kuivunja! Waziri akatabasamu, akarekebisha kilemba chake.

Feruzi akarudi nyumbani. Kuzungushwa juu ya punda hakukumtisha, maana alikwisha kupanda punda wa kila namna. Lakini kishamba kile alikirithi kwa baba yake, na Bi Tatu alikilima mpaka viganja vyake vikawa kama ubao. Akamsimulia mkewe yote. Bi Tatu alisikiliza huku akikoroga uji mwembamba uliopikwa kwa unga wa kuazima.

"Umemwaga kahawa ya Sultani juu ya zulia?" akauliza.

"Ndiyo."

"Ningependa kuona." Akaepua chungu. Akauchota uji, nusu akammiminia kwenye kata mgonjwa wa nyumba ya pili, kwa kuwa ndivyo walivyokuwa wameahidiana na majirani wa nyumba hiyo, waliowaazima unga. Katika nusu iliyosalia, akatoa bakuli la mama yake mzee aliyekuwa ameketi uani. Kisha akakwangua chungu, akamsogezea mumewe bakuli lake, akajitazama mikono. "Leo nimekosea kugawa," akasema kwa huzuni. "Ningalimtolea mama kwanza, kisha nikagawa nusu na wale jirani, nasi tungalipata japo la kulamba."

Feruzi akatazama ndani ya bakuli. Hapakuwa na kitu. Akaendelea kulitazama, akaligeuza, akalitazama tena. Kisha akaanza kucheka, akacheka hata akajilaza chini, na Bi Tatu akadhani njaa imemfika kichwani.

"Mke wangu," akasema alipopata pumzi, "hukukosea. Umeokoa shamba."

Asubuhi akaenda tena kwa Sultani. Habari zilikuwa zimeenea kwamba wageni kumi, wakubwa wa nchi jirani, wanakuja kwenye karamu ya kufunga urafiki, na Sultani alikuwa na haraka na furaha.

"Bwana wangu," akasema Feruzi, "ninaomba jambo dogo. Siku ya karamu uniweke jikoni, niwe mgawaji wa chakula."

"Wewe? Umimine pilau juu ya wageni wangu?"

"La hasha. Kila punje itaingia sahanini, na mgeni hatakosa haki yake. Lakini nina swali, ili nisikosee. Nigawe kwa desturi ya zamani, au kwa sheria mpya?"

Waziri alikuwa pale, na Sultani hakutaka kuonekana anaiogopa sheria yake. Akajigamba, "Kwa sheria mpya! Anza utakapo, maliza utakapo."

"Mmesikia, enyi mlio hapa," akasema Feruzi, akainama, akaenda jikoni.

Mpishi mkuu alikuwa mama mmoja mnene mwenye ulimi mkali, jina lake Bi Sikudhani, naye hakupenda kuingiliwa jikoni. Siku ya karamu ilipofika alikuwa amepika chungu kikubwa cha pilau ya mbuzi, kilichotosha sahani ishirini zilizojaa, wala hakuwa na chakula kingine, kwa sababu pilau yake ilikuwa na sifa kwamba ikipikwa hiyo, hakipikwi kingine pembeni. Desturi ya jumba lile ilikuwa wazi: kwanza sahani kumi za wageni; kisha kilichosalia kigawanywe nusu kwa nusu, nusu iende kwa askari watano wa mlangoni, na nusu kwenye meza ya Sultani, walipokaa yeye, Waziri, Kadhi na nduguze wawili.

Feruzi akashika upawa. "Tutaanza na kugawanya," akasema.

"Kugawanya nini?" akafoka Bi Sikudhani. "Wageni kwanza, we kiraka!"

"Mama yangu, wageni watapata. Sultani amesema nianze nitakapo."

Akapakua nusu ya chungu, akawapelekea askari. Askari walipoona kila mmoja amewekewa sahani mbili za milima milima, walidhani Sultani amepata mtoto wa kiume. Wakamshukuru Mungu, wakainama, wakala. Feruzi akarudi, na katika nusu iliyosalia akatoa haki ya wageni, sahani moja baada ya nyingine, nyama juu, kachumbari pembeni, mpaka kila mgeni akawa na yake. Kisha akachungulia chunguni. Bi Sikudhani naye akachungulia. Akashika kiuno.

"Na Sultani?"

"Sasa ndio namwandalia," akasema Feruzi. Akachukua sinia kubwa ya fedha, akaifunika kwa kawa iliyosukwa kwa rangi, akaibeba kichwani, akaenda nayo ukumbini kwa mwendo wa heshima.

Ukumbini wageni walikuwa wamekaa safu mbili, sahani mbele yao, lakini hawakugusa, wakimngoja mwenyeji wao. Harufu ya bizari na mdalasini ilijaa nyumba nzima, na Sultani, ambaye hakula kitu tangu asubuhi ili aitendee haki pilau ile, alikuwa anameza mate. Feruzi akaiweka sinia mbele yake. Sultani akasema bismillahi, akawaashiria wageni waanze, nao wakaanza. Akakunja mkono wa kanzu, akafunua kawa.

Sinia iling'aa. Sultani akaiona sura yake mwenyewe ndani, ikimtazama.

Akafunika. Akafunua tena. Waziri akanyoosha shingo, na Kadhi akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Feruzi," akasema Sultani kwa sauti ya chini, wageni wasisikie, "chakula changu kiko wapi?"

"Ewe Bwana wangu, nimekatazwa kutaja tarakimu. Ningependa Waziri Badawi aniazime kinywa chake."

"Waziri! Hesabu!"

Waziri akaanza, jasho likimtoka chini ya kilemba. "Pilau ilikuwa... sahani ishirini, Bwana wangu. Akagawanya. Nusu yake kumi, za askari. Zikabaki kumi. Akatoa kumi za wageni..." 

"Zikabaki ngapi?"

"Bwana wangu..."

"Zikabaki ngapi, Badawi?"

"Sifuri."

"Basi niletee hiyo sifuri niile!" akanguruma Sultani, akasahau wageni. Na tumbo lake nalo likanguruma papo hapo, refu na wazi, hata mkubwa wa wageni akaacha tonge hewani. Mgeni yule, kwa uungwana, akaisogeza sahani yake mbele. "Ewe Sultani, tafadhali, tule pamoja."

Sasa, kwa mwenyeji kula katika sahani ya mgeni wake ilikuwa aibu isiyofutika. Sultani akajilazimisha kutabasamu. "Ahsante, ndugu yangu. Nimeshiba," akasema, na tumbo likamkanusha tena.

Akageuka kwa hasira. "Askari! Mkamateni mtu huyu!"

Hakuna aliyekuja. Akaita mara ya pili. Ndipo askari wakaja wakijikokota, mikanda imefunguliwa, mmoja ameshikilia ukuta, na mkubwa wao alipotaka kusema "Labeka" akabeua badala yake. Walimtazama Feruzi kwa macho ya usingizi na ya mapenzi. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumkamata hata kuku aliyefungwa.

Sultani akawatazama askari wake, akaitazama sinia yake, akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikimcheza. "Ishirini. Nikitoa kwanza za wageni kumi, zabaki kumi. Nikigawanya, zangu tano. Tano!" Akahesabu tena. "Ishirini. Nikigawanya kwanza, kumi. Nikitoa kumi... Hakuna. Ishirini ile ile, kumi lile lile, nusu ile ile." Akamgeukia Waziri. "Mbona kokoto hazikuniambia?"

"Bwana wangu," akasema Waziri kwa sauti ndogo isiyokuwa ya puani tena, "kokoto zile zilikuwa za kujumlisha na za kuzidisha, na huko kweli hakuna mbele wala nyuma. Kutoa na kugawanya ni somo la siku ya pili. Wewe ulitoka siku ya kwanza kwenda kupiga mbiu, nami... nami nilinyamaza."

 Sultani akamtazama Feruzi, akatazama viraka vyake na mashavu yake yaliyoingia ndani, na hasira ikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Feruzi," akasema, "wewe na watu wa kando ya mto, tangu mavuno mmekuwa mkila hii?" Akaigonga sinia tupu kwa kidole, nayo ikalia.

"Ndiyo, Bwana wangu. Tumejaribu kuichemsha, tumejaribu kuikaanga. Haiivi."

Hapo Sultani akacheka. Alianza kwa kuguna, kisha kicheko kikamshinda, akacheka hata machozi yakamtiririka ndevuni, na wageni wakacheka, na Kadhi akacheka, na askari wakacheka wakishika matumbo kwa maumivu. Lakini alipokwisha kucheka alifuta machozi, na watu waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba si yote yalikuwa ya kicheko.

"Umeonyesha bila kutaja tarakimu," akasema. "Hukuivunja sheria yangu. Na mwili wangu umejua, wallahi umejua. Mpiga mbiu! Katangaze hivi: Sultani aliharakisha. Desturi ya mavuno irudi kama ilivyokuwa, kutoa kwanza, kugawanya baadaye. Na ghala zifunguliwe leo hii, kila nyumba irudishiwe haki yake, kubwa na ndogo. Badawi, wewe ndiye utakayehesabu, tena ndiye utakayebeba, kanda kwa kanda, kichwani, bila kilemba." Kisha akamwambia Feruzi, "Nawe omba utakalo. Zulia limesamehewa."

Feruzi akafikiri. Watu wakangoja aombe nyumba, au farasi, au cheo.

"Ewe Sultani," akasema, "mimi nimegawa pilau tangu asubuhi, na harufu yake imenitesa kuliko wewe. Nauliza tu, ukoko una mwenyewe?"

"Ukoko ni nini?" akauliza Sultani, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa akiletewa chakula cha juu ya chungu.

Basi Bi Sikudhani akaitwa, akaja na chungu kile kikubwa na mwiko, akakwangua chini kwa nguvu zake zote, ukabanduka ukoko mzima kama ngozi ya ngoma, mwekundu, umeshika mafuta na ladha yote ya nyama. Akauweka juu ya sinia. Sultani akaumega kipande, akakitafuna kwa shaka. Akamega kingine bila shaka.

"Na hiki mmekuwa mkikificha jikoni?" akamwuliza mpishi wake.

"Hukupata kuuliza, Bwana," akajibu Bi Sikudhani. "Nacho hakijawahi kutosha."

Wakakaa chini pamoja, Sultani na Feruzi, wakila ukoko kwa mikono mbele ya wakubwa wa nchi jirani, na Sultani akipigania vipande vilivyoungua kidogo. Na jioni ile Waziri Badawi alionekana akipanda njia ya kando ya mto, kichwa wazi, kanda begani kwa kuwa kichwa kilimwuma, akisimama kila mlango. Alipofika kwa Bi Tatu alishusha mtama wake, akausukuma ndani ya ghala, akaketi kizingitini akihema. Bi Tatu akamletea maji ya kunywa kwenye kata. Wala hakumcheka, ila alimwambia, "Pumzika, Waziri. Somo la siku ya pili ni zito, sivyo?"

"Zito," akasema Waziri Badawi, akanywa maji yote.

Nami hapa natua mzigo wangu. Aliyeupenda na aupokee, na asiyeupenda na auache njiani, atapita mwingine auokote.